Kisa cha nyumba moja Moshi: mlima ulipolala wakaamua kila kitu kitengenezwe nyumbani

Kabla ya yote

Mama wa nyumba hii ni mwanakikoba mwenzetu hapa Moshi, yaani kikundi chetu cha kuweka na kukopeshana, mimi ni mtunza hazina wa kikundi, na ameniruhusu niandike kisa chao wengine wajifunze. Majina sio yao, mtaa sitautaja, na vitu vya kuwatambulisha nimevitoa. Nitawaita Mama Neema na Baba Neema. Hesabu zote ni zake mwenyewe, aliziandika kwenye daftari kila siku jioni. Bei ni za soko la Mbuyuni na maduka ya mtaani kwao kipindi kile, kwahiyo usishangae ukikuta kwenu ni tofauti.

Nyumba yenyewe

Wako sita. Baba, mama, Neema yuko kidato cha kwanza, anayemfuata yuko darasa la nne, kitinda mimba yuko chekechea, na mdogo wake mama anayejifunza ufundi gereji. Mama ana meza ya nguo za mtumba za watoto, siku ya kawaida anapata faida kama 10,000 na Jumamosi inaweza kufika 20,000. Baba Neema ni mpishi wa mlimani. Kwa ambao hawako huku, mpishi wa mlimani ndio anayewapikia wageni wanaopanda Kilimanjaro pamoja na kundi zima la wagumu, yaani wabeba mizigo, kazi ni nzuri msimu ukiwepo, kuanzia Juni mpaka Oktoba na tena Desemba mpaka Februari, ila masika ikianza katikati ya Machi mpaka Mei mlima unalala na yeye analala nao.

Mwaka huo alishuka safari ya mwisho wiki ya pili ya Machi. Wakalipa kodi ya miezi mitatu na michango ya shule, wakabaki na kama laki nne mkononi na miezi miwili na nusu mbele yao. Mama Neema akaja kuomba mkopo wa 300,000 kikundini, nikamuuliza wa nini, akasema wa kula.

Hapo nikamwambia dada yangu, naomba kwanza uandike wiki mbili. Sababu yangu ni moja, mkopo wa mtaji unazaa hela ya kuurudisha ila mkopo wa kula unaisha tumboni na deni linabaki mezani, nimeona hilo kwa wanachama wengi mno na wengine wameishia kukimbia kikundi. Hakufurahi siku hiyo, ila aliandika.

Wiki mbili za daftari

Siku 14 zilikula 312,400, yaani karibu 156,000 kwa wiki, bila kodi wala ada. Yeye alidhani ni kama laki moja. Tulivyokaa kupitia tukakuta nyama wala mchele sio tatizo, tatizo ni vitu vidogo vidogo vya kila siku ambavyo mtu hahesabu. Maandazi ya asubuhi 12 kwa 200, hiyo ni 2,400 kila siku ya Mungu. Mafuta ya kupima ya buku, kila siku. Sukari robo robo. Sabuni ya unga ya vipakiti na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa vichupa, 13,500 kwa wiki mbili. Unga wa sembe kilo moja moja kwa 1,600. Hela ya shule ya watoto jero jero kila mmoja, wanaishia kununua aiskrimu za mfuko na kashata, hiyo ni 7,500 kwa wiki. Na ndizi, hapa ndio nilisikitika, walikuwa wananunua ndizi za kupika sokoni wakati mama yake baba ana kihamba, yaani shamba la migomba la nyumbani, kule juu Kibosho, mikungu inaiva mpaka inapewa ng'ombe.

Mwezi wa kwanza: kila kitu nyumbani

Mama Neema akiamua kitu ameamua. Aliporudi nyumbani alitangaza kuanzia sasa hatununui kitu kinachoweza kutengenezwa. Mkate, maandazi, sabuni, unga wa lishe, vyote. Mimi nilimuunga mkono kwa asilimia mia na sasa naona nilikosea kutomwambia aanze na kimoja.

Mkate ulikuwa wa kwanza kufeli. Hawana oveni, alioka kwa sufuria yenye mchanga chini na makaa juu ya mfuniko kama wanavyookea keki. Unga wa ngano kilo 1,900, hamira 600, siagi na sukari na maziwa kama 1,800, mkaa 1,500, jumla 5,800 akapata mikate miwili, mmoja umeungua kitako. Dukani mikate miwili mikubwa ni 3,600. Na ilimchukua kuanzia saa nane mpaka saa kumi na moja na nusu, Jumamosi, siku ambayo meza yake ndio inauza. Alirudia Jumamosi iliyofuata akidhani shida ni mazoea.

Maandazi yalikuwa na hesabu nzuri kwenye karatasi. Kilo moja ya ngano, sukari, hamira, mafuta yanayonyweka na mkaa ni kama 5,100, anapata maandazi 40, yaani andazi moja chini kidogo ya 130. Mtaani ni 200. Sasa cha ajabu mwisho wa wiki hela haikubaki. Tulivyofuatilia tukakuta kilo mbili zilizotakiwa kutosha wiki zimekuwa kilo tatu. Zamani kila mtu alijua haki yake ni mawili kwasababu yalihesabiwa dukani, sasa kuna beseni limejaa na kitambaa juu, anayepita anachukua, shemeji mtu akirudi gereji anachukua matatu, jirani akija anakaribishwa. Sio uchoyo nasema, ila chakula kikiwepo kingi kinaliwa kingi.

Unga wa lishe ulikuwa hasara tupu. Alichanganya mahindi, mtama, ulezi, soya na karanga, akasaga kilo tano kwa pamoja, akaweka kwenye ndoo. Ilikuwa masika, nyumba ina unyevu, wiki ya tano ndoo ikifunguliwa inatoa harufu ya karanga zilizooza, na uji una uchungu kwa mbali. Alitaka kuendelea kuupika kwasababu inauma kutupa, nikamkatalia kabisa. Karanga na mahindi yakivunda yanaweza kuwa na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, na sumukuvu haiishi kwa kuchemsha hata uchemshe saa nzima. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu waliugua na wengine wakafa kwa sababu ya sumu hiyo, sio hadithi ya kutishana. Ule unga ulifukiwa, hata kuku hawakupewa.

Sabuni, hii naieleza kwa kirefu

Sabuni ya maji ndiyo iliyokuja kuwa na faida kubwa kwa kazi ndogo, ila pia ndiyo ingeweza kuleta maafa, ndio maana sitaki kuipita haraka.

Malighafi ni salfoniki asidi lita moja, ungaroli ya kutoa povu nusu kilo, soda ashi, chumvi, gliserini kidogo, rangi na marashi. Vyote vilimgharimu 14,000 kwa lita 20, yaani lita moja ni 700. Ndoo ya kwanza alitengeneza kwa kuangalia video, bila glavu, anapima kwa jicho. Soda ashi aliweka kidogo mno, aliogopa. Salfoniki ni asidi, isipouliwa vizuri na soda ashi inabaki kali, na ilibaki. Siku ya tatu vidole vya Neema vikaanza kuchanika kwenye maungio, mtoto ndio anayeosha vyombo. Mama yake mwenyewe viganja vilikuwa vyekundu ila alivumilia akidhani ni baridi.

Ishu ya pili ilikuwa uzito. Sabuni ikawa nyepesi, akaongeza chumvi ya maji, ikaanza kushika, ikawa nzito kama uji wa mgonjwa, akafurahi, akasema ngoja niongeze kidogo iwe nzito zaidi. Akakoroga. Mara ikaanza kulegea mbele ya macho yake mpaka ikawa maji kabisa, mwiko ukitoka unachuruzika. Akadhani ameuziwa malighafi feki na alikuwa tayari kwenda kugombana na muuzaji. Kumbe chumvi ndivyo ilivyo, inafanya sabuni iwe nzito mpaka kiwango fulani, ukipitiliza inaivunja tena. Inatakiwa iyeyushwe pembeni, iwekwe kijiko kwa kijiko, ukoroge, usubiri, ukiona imeshika unaacha hapo hapo.

Ya tatu ndiyo mbaya. Aliweka sabuni kwenye chupa za soda, rangi ya machungwa, harufu ya machungwa. Mtoto wa chekechea akaikuta jikoni, ameshafungua kizibo, Neema akampokonya ikiwa mdomoni. Mungu mkubwa hakumeza.

Na kuna mama mmoja jirani alimshauri kwenye ndoo ya pili aongeze jiki ili ing'arishe nguo. Tafadhali asifanye mtu. Jiki ikikutana na asidi inatoa hewa ya klorini, inakaba kifua, kwenye jiko dogo lisilo na dirisha mtu anaweza kuanguka. Hiyo hiyo ndio sababu jiki haichanganywi na dawa ya choo.

Ndoo ya pili nilienda mwenyewe. Tulipima kwa mzani, tukayeyusha soda ashi nzima kwenye ndoo nyingine usiku ipoe, tukavaa glavu, tukafanyia nje, tukamimina soda ashi kidogo kidogo inavyotoa povu tunasubiri, mpaka ukimimina povu la kuchemka halitoki tena. Tukapima na karatasi za pH, zinazoonyesha ukali kwa namba, tulikuwa tunatafuta 7 mpaka 8, yaani asidi imekwisha. Chumvi tukaweka mwisho. Ikatoka vizuri. Chombo chake sasa ni dumu jeupe limeandikwa SABUNI kwa maka pen pande zote mbili na linakaa juu.

Uamuzi uliogeuza mambo

Mwisho wa mwezi wa kwanza Mama Neema alikuja akiwa amechoka, analia kabisa. Matumizi yameshuka 11,000 tu kwa wiki, meza yake imepoteza nusu siku mbili za Jumamosi ambazo ni kama 20,000, mgongo unauma, Neema ameanza kusinzia darasani kwasababu anaamka saa kumi kukanda. Na hata ile 11,000 hakuiona, ilikuwa kwenye pochi ile ile ya matumizi ikaliwa na mambo mengine.

Nikamuuliza, na Baba Neema yeye muda huu anafanya nini? Akanyamaza. Akasema yuko tu, anaangalia mpira, hana raha.

Jamani, ndani ya ile nyumba kulikuwa na mtu ambaye kazi yake ni kulisha watu ishirini kwa siku saba mahali ambapo hakuna duka! Mpishi wa mlimani anapanga chakula kwa siku, cha siku ya kwanza peke yake, cha siku ya pili peke yake, anajua nyanya zipi zitafika kambi ya nne na zipi ziliwe mapema, na kila kilo ina maana kwasababu mgumu mzigo wake unapimwa getini, mwisho kilo 20. Huyo mtu nyumbani kwake alikuwa hajui hata sukari inaisha baada ya siku ngapi. Sio kwamba alikataa, hakuna aliyemuomba, na mtaani kwetu mwanaume akionekana anakanda ngano uani watu wana maneno.

Nilienda na mume wangu, wakaongea wao kwa wao kama wanaume, mimi na Mama Neema tukakaa pembeni. Ilichukua siku mbili. Siku ya tatu alibandika karatasi ukutani, Jumatatu mpaka Jumapili, asubuhi, mchana, jioni, na kiasi. Chini akaandika wanaokula, sita, wageni wawili Jumapili.

Aliyobadilisha ni haya. Mkate nyumbani basi, ukihitajika unanunuliwa mmoja Jumapili. Maandazi siku tatu tu, yanahesabiwa kila mtu mawili, yanayobaki yanafungiwa. Siku mbili viazi vitamu au magimbi kwa chai, siku mbili uji wa dona. Maharage kilo mbili yanalowekwa Jumamosi usiku na kuchemshwa kwa mara moja, badala ya nusu kilo mara nne kwa wiki, mkaa ulioponea hapo ulimshangaza hata yeye. Mahindi yakanunuliwa debe kwa 14,000 na kusagwa dona kwa 2,000, inatoka kilo kama 18, ukigawa ni chini ya 900 kwa kilo dhidi ya ile sembe ya 1,600. Karanga zinachambuliwa punje kwa punje, yenye ukungu au iliyosinyaa inatupwa, na zinasagwa za wiki moja tu na kukaa pembeni, hazichanganywi na unga. Watoto wanabeba bisi za nyumbani, ila anawapa na sh 400 kila mmoja kwa wiki ili wasijisikie wanyonge mbele ya wenzao, na bisi zenyewe zinakula kama 800 kwa wiki.

Kila baada ya wiki mbili Baba Neema anapanda kwa mama yake na daladala, analeta mkungu wa ndizi za kupika aina ya mshale, parachichi, na mboga. Bibi alifurahi kuliko wote, alikuwa anaona wajukuu wamemsahau. Haendi mikono mitupu, anapeleka sukari, sabuni, na kilo ya nyama, hiyo tumeihesabu kwenye matumizi.

Na hela iliyopona ikapewa njia yake. Kila Jumapili jioni wanapiga hesabu ya wiki, tofauti na ile 156,000 inatumwa kwenye simu ya kikundi kununua hisa kabla haijalala ndani.

Matokeo

Wiki ya mwisho ya Mei matumizi yalikuwa 118,000. Pungufu ya 38,000 kwa wiki ukilinganisha na Machi, na chakula hakikuwa kibaya zaidi, mimi nimekula kwao, machalari, yaani ndizi za nyama, ya yule baba ni ya kuhadithia.

Ukiichambua hiyo 38,000 inakuja hivi. Karibu 9,000 ni unga, mafuta na sukari kununuliwa kwa wingi badala ya kupima. 8,000 ni kihamba cha bibi, nauli na zawadi vimeshatolewa. 6,000 ni maharage ya mara moja pamoja na mkaa wake. 5,500 sabuni. 5,500 hela ya shule. 4,000 chai ya asubuhi. Mkopo hakuchukua, na kufikia katikati ya Juni alikuwa na hisa za 190,000 alizoanza kununua akiwa kwenye njaa.

Haikuwa safi yote. Wiki moja umeme ulikatika kuanzia asubuhi mpaka usiku na maharage yote ya kwenye friji yakachacha, tangu hapo wanachemsha kilo moja mara mbili kwa wiki. Na vidole vya Neema vilichukua wiki tatu kupona.

Uchambuzi wangu

Ukiangalia zile namba vizuri, kazi ya mikono yenyewe, yaani kukanda na kukoroga, imeleta kama robo ya akiba. Kinachobaki kimetoka kwenye kununua kwa wingi, kupanga, na kutumia kilichopo kwa ndugu. Ndio maana mtu anaweza kujiua na kazi mwezi mzima kama Mama Neema alivyofanya na asione kitu, kachagua vile vya kutoka jasho zaidi akaacha vile vya kuokoa hela zaidi.

Kitu kiende nyumbani au kisiende, sisi sasa kikundini tunapima hivi: tunaweka malighafi, tunaweka mkaa, halafu tunaweka saa za mtu na kile ambacho angekuwa anaingiza saa hizo. Mkate ulishindwa kwenye mkaa na kwenye saa. Sabuni ilishinda kwasababu ni asubuhi moja tu na unatumia zaidi ya miezi miwili. Maandazi yako katikati, yanalipa kama kuna mtu nyumbani asiye na kazi nyingine na kama yanahesabiwa.

Kununua kwa wingi kuna kikwazo kimoja ambacho watu wenye mshahara hawakioni. Anayenunua mafuta ya buku sio mjinga, hana 27,000 ya dumu siku hiyo. Kwao iliwezekana kwasababu ile laki nne ilikuwepo mwanzoni, waliitumia kununua dumu, debe na kilo tano za sukari badala ya kuila rejareja. Kwa mwanachama asiye na hata hiyo, kikundi kimeanza kununua debe na dumu kwa pamoja watu wanne wanne wanagawana, na tunapima kwa mzani mbele ya wote kwasababu kwa macho kulishatokea manung'uniko.

Kosa langu mwenyewe ni sabuni. Nilijua asidi ni nini, nilimwacha aanze na video. Sasa hakuna mwanachama anayepewa malighafi kabla hajakoroga ndoo moja na mtu anayejua, nje, na glavu.

Juni mlima ulifunguka, Baba Neema akapanda na kundi njia ya Machame. Asubuhi wamerudi kununua maandazi siku mbili kwa wiki, mama anasema muda wake uko mezani kwenye mtumba na namkubalia. Karatasi iko ukutani bado. Baba kabla ya kuondoka alijaza dumu la sabuni, akachambua karanga za wiki, na akamwachia Neema funguo ya kabati la maandazi.